Vyombo vya Kale vya Tiba na Sayansi: Dhana Potofu na Ukweli

"Hadubini ya kale ing'arishwe kwanza, ndipo ipate bei."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu madhara yake hayatibiki. Hadubini za shaba za karne ya 19 hazikutoka kiwandani zikiwa tupu. Fundi aliipasha shaba moto kidogo, akaipaka vanishi ya shelaki, yaani ute wa wadudu ulioyeyushwa katika spiriti. Ile rangi ya dhahabu iliyokolea ni ya vanishi hiyo. Ukiisugua kwa Brasso unaikwangua kazi ya fundi, na mnunuzi mjuzi atapunguza bei papo hapo. Futa vumbi kwa brashi laini. Madoa yaache.

"Jina na mwaka vimechongwa, basi ni halisi."

Angalia sekstanti, chombo ambacho mabaharia walipimia pembe kati ya jua na upeo wa bahari. Nyingi zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa "Kelvin & Hughes London 1917". Kampuni yenye jina hilo ilizaliwa mwaka 1947, baada ya Henry Hughes & Son kuungana na Kelvin, Bottomley & Baird. Mwaka 1917 haikuwapo! Hayo ni mapambo ya siku hizi, mengi yakitoka India. Kuyauza kama mapambo ni halali. Kuyaita ya kale ni kumdhulumu mnunuzi. Ndiyo maana mimi hulipita jina na kukagua vipimo: mistari ya digrii iwe myembamba na sawasawa, vioo viwe na skrubu za kurekebishia. Meli nzima ilitegemea mistari hiyo.

"Cha kale ni adimu."

Si lazima. Kampuni ya Leitz ya Ujerumani ilipotimiza hadubini ya 100,000 mwaka 1907, ilimzawadia Robert Koch, daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu.

"Mpini wa pembe ya ndovu ni urembo tu."

Mpini wa kisu cha mpasuaji hutaja umri wake. Joseph Lister alichapisha matokeo ya upasuaji wake wa kutumia dawa ya kuua vijidudu mwaka 1867, na miongo miwili iliyofuata hospitali zikaanza kutakasa vyombo kwa mvuke. Pembe na mbao hazivumilii mvuke, hivyo visu na misumeno vikawa vya chuma kitupu. Lakini usikimbilie kuuza. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na Uingereza imebana hata uuzaji wa ndani tangu Juni 2022, ikiacha misamaha michache. Sisi ambao pwani yetu ilisafirisha pembe hizo kupitia Zanzibar tuna kila sababu ya kuiheshimu sheria hiyo.

"Kisanduku cha shaba chenye visu vinavyofyatuka ni cha mateso."

Ni cha tiba. Kilichanja ngozi kwa mara moja, kisha kikombe kikavuta damu. Anayejua kuumika kwa chuku ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

"Miaka imeshaondoa sumu."

Zebaki ya kipimahewa cha kale ni ileile. Ikimwagika usiifagie. Vipimo vilivyopakwa rangi ya radiamu, elementi inayotoa mionzi hatari, navyo hudanganya macho. Vikiacha kung'aa gizani, kilichochakaa ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo usifungue kioo cha kipimo wala kukwangua rangi.