Mitindo huru, lakini huru na nini?

Kwenye shindano la kuchana, yaani kurap, pale Kirumba, Mwanza, kijana alitumia mistari minane kuisimanga kofia nyekundu ya mpinzani wake. Mpinzani hakuwa na kofia. Kichwa kilikuwa wazi, kimenyolewa upara, kinang'aa chini ya taa za ukumbi. Baadaye ndipo tulipoelewa: ratiba ilikuwa imempangia kijana mwingine, mwenye kofia nyekundu asiyoivua labda hata usingizini, na huyo alikwama njiani akitokea Magu. Mistari ilishatungwa, ikakaririwa, haikuwa na pengine pa kwenda.

Mshereheshaji akanyakua maiki: "Mwanza, hiyo ndiyo mitindo huru!" Ukumbi ukalipuka. Nilikuwa mmoja wa majaji watatu. Mimi nilimpa alama za huruma, wenzangu wakampa za shangwe, akaondoka na laki tatu. Hii haikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo likibandikwa pasipo pake, ila ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likilipwa.

Basi tuelewane. Mitindo huru ni kuchana mistari unayoitunga palepale, biti ikiwa inatembea, bila karatasi, bila simu mkononi, bila kukariri. Maana ndiyo hiyo, haina kona. Kinachosumbua ni hilo neno "huru", kwa kuwa kila mtu analivutia kwake.

Wapo wanaodhani ni huru na vina. Mtu anaongea tu juu ya biti kama anayesoma matangazo ya vifo, ukimuuliza vina viko wapi anakujibu kwamba mitindo huru haina sheria. Wapo wanaodhani ni huru na adabu, yaani ruhusa ya kumtaja mama wa mwenzako mbele ya watu mia mbili. Hao wote wawili nawavumilia. Kundi la tatu ndilo linalonikosesha usingizi: wale ambao kwao ubeti wowote usio na kiitikio, usiofika studio bado, ni mitindo huru. Msanii anaalikwa redioni, dijei anaweka biti ya mtu mwingine, msanii anamwaga ubeti wa wimbo wake utakaotoka baada ya wiki mbili, na video inasambaa ikiwa imeandikwa "fristaili". Wimbo ukitoka, ubeti ni uleule, hata pumzi zimekaa palepale.

Neno tumelitafsiri kutoka Kiingereza, "freestyle", na aliyetafsiri alituokoa. Nusu ya kwanza ya neno lile ingeweza kuwa "huru" na ingeweza kuwa "bure". Leo tungekuwa na mashindano ya mitindo ya bure, na waandaaji wangelipenda sana jina hilo, maana wasingemlipa mtu. Tukapata "huru", lenye asili ya Kiarabu, neno lilelile lililotuzalia uhuru wa 1961, kwa hiyo lina uzito masikioni mwetu. Mtu akisikia huru anasikia minyororo ikikatika. Ndiyo maana vina vinakuwa vya kwanza kukatwa.

Ila kwa wenzetu neno lile halikuanza na minyororo. Chukua kuogelea, sisi watu wa ziwani tuna haki ya mfano huo. Kwenye mashindano ya kuogelea kuna mbio za mtindo huru, na maana yake ni kwamba hujapangiwa namna ya kuogelea. Ukitaka mgongo, twende. Ukitaka mikono ya chura, twende. Karibu wote huchagua namna moja, ile yenye kasi zaidi. Huru pale ni huru na mtindo uliopangwa. Haimaanishi kwamba muogeleaji hakufanya mazoezi.

Na hapa inabidi nikiri jambo ambalo yule mshereheshaji halijui, na akilijua atanisumbua nalo mwaka mzima. Asili ya neno iko upande wake. Big Daddy Kane, mchanaji wa Brooklyn aliyetamba miaka ya 1980, amewahi kueleza kwamba enzi zao fristaili ilikuwa ubeti ulioandikwa, isipokuwa haukufungwa kwenye mada. Hausimulii kisa, hauhusu mapenzi wala siasa, unajisifu tu na kuonyesha ufundi. Huo ndio uliokuwa uhuru wake. Kutunga palepale walikuita kwa jina jingine kabisa, lenye maana ya kutoa kitu utosini. Kwa hiyo kijana wa kofia nyekundu, angepanda jukwaani New York mwaka 1985, angekuwa sahihi kwa jina. Kofia yenyewe bado ingekuwa na tatizo.

Lugha haikukaa hapo lakini. Kadiri mapambano yalivyokua, neno likahamia kwenye utosi, na kufikia miaka ya 1990 aliyesema fristaili alieleweka kuwa hana karatasi. Sisi tunalitumia kwa maana hiyo ya pili. Muulize mtoto yeyote wa Mabatini au Igoma anayechana, atakwambia mitindo huru ni kutunga papo kwa papo. Anaijua maana vizuri. Kinachofanyika ni kwamba anaisahau siku ya fainali.

Tena hakuna aliyesema kuandika ni dhambi, jambo ambalo hawa vijana hawaamini ninapowaambia. Mapambano ya maneno yanayotungwa nyumbani ni makubwa na ya zamani sana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu, na majibu yalisafiri baharini. Mtu alipata muda wa kusoma tusi, kunywa kahawa, kulala, kisha kujibu kwa vina na mizani. Hayo tunayaita malumbano na hakuna aliyedhani Muyaka anadanganya.

Hapa kwetu ndiyo usiseme. Wasukuma wana vyama vyao vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyotokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Mpaka leo ukifika Bujora, pale Kisesa, wakati wa tamasha la ngoma la Bulabo mwezi Juni, utaziona pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi. Jaji hahitajiki, watazamaji wanahesabika kwa miguu yao. Nyimbo zinatungwa mapema, zinafanyiwa mazoezi, na dawa ya kuvuta watu inatafutwa kwa siri kubwa. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, haoni aibu kujiandaa. Angeona aibu kutojiandaa. (Nimewahi kuwaza tufute majaji, tuweke majukwaa mawili uwanja wa Furahisha, watu watembee. Mimi ningekuwa wa kwanza kukosa kazi.)

Huko Marekani nako mambo yaligawanyika vilevile. Mwaka 1981, kwenye klabu ya Harlem World, New York, mchanaji Busy Bee alizoea kushinda kwa kuwachangamsha watu, mpaka usiku ule mwenzake Kool Moe Dee alipopanda baada yake na kumshambulia yeye mwenyewe kwa jina. Tangu hapo pambano likawa mtu kwa mtu. Baadaye zikaja ligi kama King of the Dot ya Toronto na Don't Flop ya Uingereza, zote za 2008, ambamo wachanaji wanaambiwa mapema watakutana na nani, wanaandika kwa wiki kadhaa, kisha wanachana bila biti yoyote. Ni kazi ngumu na tamu kuitazama, na kila mtazamaji anajua kwamba mistari imeandikwa. Kwa wanaozungumza Kihispania kuna mashindano ya Red Bull yaliyoanza 2005, ambayo jina lake la awali lilimaanisha vita vya majogoo. Huko hadhira inataka utosi, kwa hiyo mchanaji anaweza kurushiwa neno au kuonyeshwa kitu hapohapo na kutakiwa akichane. Ukileta kofia ya nyumbani, unaumbuka.

Kwa hiyo kuna aina mbili, zote halali, na kila moja ina jina. Kama ni kukariri majibizano mkapanda nayo jukwaani, sisi hata tuna neno letu la shuleni, ngonjera, aliyoiendeleza mshairi Mathias Mnyampala. Nikisema tulichoona Kirumba kilikuwa ngonjera yenye biti, vijana wananuna. Sielewi kwa nini. Ngonjera ingalau pande zote mbili zimefanya mazoezi pamoja na mwenye kofia anakuja na kofia.

Mkanganyiko huu ungebaki wa vijiweni tu kama si hela. Kiingilio cha mshiriki kilikuwa elfu tano, na bango lilisema mitindo huru. Yule mwenye upara alilisoma bango akaliamini. Ilipofika zamu yake alichana feni iliyokuwa inazunguka kwa malalamiko juu yetu, akachana shati langu, akachana harufu ya dagaa iliyokuwa inapanda kutoka mwaloni, kisha akaikamata ile kofia isiyokuwepo na kuuliza kama mwenzake ana homa. Vina vilimkwama mara mbili. Alirudia neno moja akitafuta pa kutokea. Kwa majaji wenzangu huo ulikuwa upungufu, wakamkata alama. Kwangu kile kigugumizi kilikuwa risiti: hivyo ndivyo mtu anavyosikika akiwa anatunga. Mwenzake hakukwama hata sekunde moja, na mimi nisingetaka ushahidi zaidi ya huo.

Bango la mwezi ujao limeshabandikwa, laki tano, "mitindo huru" kwa herufi kubwa. Mwandaaji ni ndugu yangu na sina ugomvi naye, nimemwomba abadilishe maneno mawili tu. Juu aandike "mpambano wa michano", ili kila mtu aje na alichonacho, kiwe cha daftarini au cha utosini. Raundi za mwanzo ziwe hivyo. Fainali, watu waliokaa viti vya mbele watoe maneno, mchanaji ayasikie pamoja na sisi, na hiyo raundi ndiyo iandikwe mitindo huru. Amesema ataangalia, wino wa bango la kwanza ameshaulipia.

Mwenye kofia nyekundu naye amejiandikisha, na safari hii anakuja mjini siku moja kabla. Nimemshauri aivue mlangoni.