Mstari ukifutika kwenye karatasi, tumejua nini?

Mwanafunzi aliyekuja kwetu Kigoma kwa mafunzo ya vitendo aliniletea karatasi mbili za kipimo, uso umemchangamka. Ya kwanza ilikuwa na mstari mweusi pale alipotarajia kolajeni. Ya pili, ambayo kingamwili yake, yaani protini ya kinga inayotumika kusaka na kushika protini nyingine, ilichanganywa kwanza na peptidi ya kuziba, kipande kifupi cha protini, ilikuwa nyeupe tupu. "Basi ni kolajeni, dokta." Nikamwambia avute kiti.

Kolajeni ni mojawapo ya protini za matriksi, yaani ule mtandao unaozishikilia seli zikae pamoja. Huku ziwani ina habari ndefu: mayai ya kichocho cha tumbo yakikwama kwenye ini, mwili huyazungushia kolajeni, na kovu likizidi ndipo mtu anavimba tumbo, hata kutapika damu. Anayechunguza makovu hayo hutumia kingamwili, mara nyingi ya sungura, kuisaka protini moja katikati ya maelfu.

Kingamwili hiyo ina mikono miwili ya kukamatia. Ni kama bodaboda ya Mwanga iliyopakia mshikaki: abiria wawili, nafasi kwisha. Peptidi ya kuziba ni kipande cha asidi amino (matofali ya protini) 10 hadi 20 hivi, kinachotengenezwa kifanane na kile alichochanjwa sungura. Unaichanganya na kingamwili, peptidi ikizidi mara 5 au 10 kwa uzito, unaiacha nusu saa mezani au usiku kucha kwenye friji. Peptidi ina kama kilodaltoni 2 (kizio cha uzito wa molekuli), kingamwili 150, kwa hiyo hata zikilingana uzito ni peptidi 75 kwa kingamwili moja. Pikipiki zote zimejaa. Zinampita abiria kituoni bila kusimama.

Ila pikipiki iliyojaa haimpiti mteja wake tu. Inampita pia yule aliyekuwa akipakiwa kimakosa. Kingamwili ikiwa inashika protini nyingine iliyofanana na ile tunayoitaka, inaishika kwa mkono uleule, na peptidi inauziba vilevile. Kwa kolajeni hatari ni kubwa zaidi: aina zake kwa binadamu ni 28, na zote zina sehemu ambazo glisini hujirudia kila baada ya asidi amino mbili. Ndugu hao wanafanana mno.

Mimi huangalia zaidi mstari uliogoma kufutika. Huo haukuletwa na kingamwili za peptidi ile; ni uchafu wa kipimo, na tunautupa kwa moyo mkunjufu.

"Peptidi iliyovurugwa mpangilio, yenye asidi amino zilezile kwa mfuatano mwingine, ulitumia?" nikamuuliza. Hakutumia. Na sampuli ya seli zisizotengeneza kolajeni hiyo? Akatazama chini.

Tulizitafuta zote mbili, tukarudia. Peptidi iliyovurugwa haikufuta kitu, kama ilivyotakiwa. Seli zisizo na kolajeni hiyo zikatoa mstari mweusi palepale, yaani protini yenye uzito uleule.