Viroba kwenye utoro: elimu kwa wenye malambo binafsi ya udongo

Mvua zikikaribia, wenye malambo hutuletea swali lile lile kwa sura tofauti: mwaka jana maji yaliisha mapema, je, nikipanga viroba vya mchanga kwenye utoro, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, ili lambo lishike maji zaidi, kuna ubaya? Wengine hawaulizi. Tukifika tunakuta viroba vimeshapangwa, vimeota nyasi, na mbele yake umefungwa wavu ili perege wasitoroke.

Ubaya upo, na ni mkubwa kuliko mengine yote nitakayoyataja hapa.

Tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri linaweza kuzuia maji kwa miongo mingi. Halikujengwa kupitisha maji juu yake. Maji yakivuka kilele, hata kwa kina cha kiganja, huanza kuchimba mteremko wa upande wa chini, hasa pale pasipo na nyasi au palipo na njia ya ng'ombe. Korongo dogo linajichimba kurudi nyuma kuelekea kilele. Likishakutana na maji ya lambo, mwanya hupanuka haraka kiasi kwamba hakuna koleo wala trekta litakalouziba. Ndiyo sababu utoro hukatwa pembeni mwa tuta, kwenye ardhi ya asili, na sakafu yake huwekwa chini kuliko kilele. Kwa malambo yetu madogo mara nyingi ni mita moja au zaidi. Mita hiyo ndiyo nafasi ya mafuriko. Mwenye lambo akiiona tupu mwaka mzima hudhani ni maji aliyonyimwa.

Tufanye hesabu. Chukua lambo lenye uso wa ekari tano, yaani takriban mita za mraba 20,000, linalopokea maji kutoka eneo la kilomita za mraba mbili. Siku moja inanyesha milimita 50, mvua ambayo wengi wetu tumeshaiona. Ikiwa theluthi moja tu hivi, tuseme asilimia 30, ndiyo inayotiririka hadi lambani, hizo ni mita za ujazo 30,000. Kama lambo lilikuwa limeshajaa na utoro umezibwa, maji yatataka kupanda mita moja na nusu. Nafasi uliyokuwa nayo ni mita moja, na viroba vimeshakula nusu yake. Utoro ulio wazi ungeanza kuyatoa maji hayo tangu saa ya kwanza.

Kosa hili halikuanzia kwetu. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliokwenda huko kuvua na kupumzika. Mabomba ya chini ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa na mmiliki aliyewatangulia na kuuzwa kama chuma chakavu. Klabu ikashusha kilele cha tuta ili magari ya farasi yapite kwa raha, kisha ikaweka nyavu kwenye utoro ili samaki wao wasiondoke na maji. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilileta magogo na takataka, nyavu zikaziba, maji yakapita juu ya tuta. Mji wa Johnstown, chini ya bonde hilo, na vijiji jirani vilipoteza watu 2,209. Tuta lile lilikuwa na kimo cha mita 22 hivi, si lambo la ng'ombe, lakini kila kosa katika orodha hiyo nimeliona kwenye matuta ya mita nne. Miaka 117 baadaye, tarehe 14 Machi 2006, bwawa binafsi la Ka Loko katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, lilipasuka na kuua watu 7. Uchunguzi ulionyesha kuwa utoro wake ulikuwa umefukiwa.

Kama unataka maji zaidi, njia ya salama ipo: chimbua tope kiangazi, lambo likiwa limekauka au karibu kukauka. Unapata ujazo ule ule bila kupandisha maji hata sentimita moja. Ila usichimbe karibu na mguu wa tuta, na usichimbe hadi ukapasua tabaka la mfinyanzi lililo chini, maana hapo maji yatazama ardhini.

Njia ya pili ambayo tuta hufia haina kelele. Maji hupenya ndani yake, yanabeba chembe za udongo moja moja, na kujenga handaki jembamba kutoka upande wa chini kurudi ndani. Kila tuta la udongo linavuja kidogo, hilo si la kutisha. Cha kutazama ni rangi na kiasi. Maji yanayotoka chini ya tuta yakiwa maangavu na hayazidi, endelea kuyaangalia. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, tuta lako linaondoka nayo. Weka ndoo ya lita 20 mahali yanapotokea, pima inajaa kwa dakika ngapi, na andika kwenye daftari pamoja na kina cha maji ya lambo siku hiyo. Ndoo ikianza kujaa upesi wakati lambo halijapanda, mpigie mhandisi simu siku hiyo hiyo.

Watu wakiona maji machafu yanatoka, kwanza hukimbilia saruji au mfinyanzi kuziba tundu. Hapana. Ukiziba pale yanapotokea, msukumo unabaki ndani na maji yatatafuta tundu jingine, pengine mahali usipopaona. Funika eneo lote kwa mchanga safi wa mtoni, juu yake kokoto, juu ya kokoto mawe. Maji yaendelee kutoka, udongo ubaki. Kisha punguza maji ya lambo kwa bomba la chini, kwa pampu, au kwa mipira ya kunyonya juu ya tuta.

Bomba lenyewe linahitaji jicho. Pale bomba linapopita ndani ya tuta ndipo ushindiliaji huwa hafifu, kwa sababu mashine haifiki karibu nalo na vibarua huchoka. Maji hupenda kufuata ukuta wa nje wa bomba. Anayekujengea akikuambia ataweka bomba baadaye kwa kukata tuta lililokwisha kujengwa, mwambie akuletee mchoro wa mhandisi kwanza.

Udongo nao si wote unaofaa, hata ukiwa mwekundu na mzito. Kuna mfinyanzi unaotawanyika majini wenyewe, na katika maeneo yetu makavu unapatikana zaidi ya watu wanavyodhani. Kabla ya kulipia katapila, chukua donge lililokauka la ukubwa wa punje ya karanga kutoka kwenye shimo unalotaka kuchimbia udongo. Liweke taratibu kwenye glasi yenye maji safi ya mvua. Usikoroge, usitikise. Subiri dakika kumi, kisha tazama tena baada ya saa moja. Donge likibomoka na kuwa kichungu huku maji yakibaki maangavu, si vibaya. Likianza kutoa wingu la ukungu linalotambaa chini ya glasi, udongo huo utatoroka kupitia ufa wowote wa tuta. Pima madonge kadhaa kutoka kina tofauti, maana shimo moja linaweza kuwa na aina mbili. Udongo wa namna hiyo hauzuii ujenzi moja kwa moja, lakini unahitaji chokaa au jasi na usimamizi wa karibu, na hapo fundi wa kawaida aachie ngazi.

Wanyama na miti nitasema kwa kifupi. Ukoka ndiyo vazi la tuta, miti hapana. Mti mdogo ung'oe leo. Mti uliokwisha kuwa mkubwa usiukate ovyo, kwa sababu mizizi ikioza huacha mashimo, uliza kwanza. Kichuguu juu ya tuta kivunjwe hadi chini, shimo lijazwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Mashimo ya nungunungu, panya na kenge hali kadhalika. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika chini ya tuta, wasipite juu yake.

Sasa walio chini ya lambo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Kaunti ya Nakuru, Kenya, bwawa la udongo la shamba binafsi la umwagiliaji lilipasuka wakati wa mvua nzito. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, na nyumba zikafagiliwa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya nchi hiyo ilieleza kuwa bwawa hilo halikuwa na kibali. Jambo ambalo watu wengi hawalitilii maanani ni kwamba hatari ya lambo haipimwi kwa ukubwa wake pekee, bali kwa nani analala chini yake. Lambo likijengwa juu ya pori, miaka ishirini baadaye pori limekuwa mtaa, tuta ni lile lile, hatari ni nyingine kabisa. Na tuta si lazima liwe la lambo: huko Mai Mahiu, Kenya pia, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, na lilipoachia likaua makumi ya watu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mwenye bwawa awe na kibali, na mlango wa kuanzia ni Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kama lambo ulilirithi au ulinunua shamba likiwa na lambo bila karatasi, nenda hivyo hivyo. Tunapendelea mtu anayekuja na lambo lisilo na kibali kuliko anayelificha.

Maji yakifika karibu na kilele usiku, usimtume kijana kuchimba mfereji juu ya tuta ili maji yapungue. Mfereji huo ndio utakaolibomoa. Ondoa viroba, magogo na nyavu kwenye utoro kama panafikika bila kuingia kwenye mkondo. Wa kuamshwa kwanza ni majirani wa chini, kabla ya mhandisi: namba zao za simu ziwe zimeandikwa ukutani nyumbani kwako na kwa mwenyekiti wa kijiji, na wote wajue kupanda mlimani pembeni, si kukimbia kufuata mto.