Ukibuni Lugha Yenye Ngeli, Anza na Upatanisho

Vijana wanaobuni lugha kwa ajili ya wahusika wa hadithi zao hutuletea orodha ndefu za maneno, kila nomino na kiambishi chake, wakiamini kazi ya ngeli imekwisha. Bado. Ngeli hujulikana pale kivumishi, kitenzi na kionyeshi vinapolazimika kuifuata nomino.

Kiboko na kifaru huanza na ki- kama kisu, lakini husemi “kiboko kile kikubwa kimezama”. Unasema yule mkubwa amezama. Umbo linavuta huku, upatanisho kule, na upatanisho ndio unaoshinda. Ukifika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma unaweza kusikia mvuvi akisema dagaa wamejaa, na muuzaji akisema dagaa zimepanda bei. Sarufi sanifu inataka wamepanda. Mimi simlaumu muuzaji: mezani pake dagaa ni bidhaa ya kupimwa kwa sado, na ulimi wake umeihamisha ngeli kufuata kazi yake.

Anayezungumza Kiha, lugha ya hapa Kigoma, ana mtaji zaidi. Ana umuntu na abantu, ikintu na ibintu, halafu ana aka- na utu- za udogo, ambazo Kiswahili sanifu hakina. Kazi hiyo kimezipa ki- na vi-.

Sasa tubuni lugha, tuiite Kitamo. Ina ngeli tatu tu: na- ya watu (wingi ta-), lo- ya vilivyomo majini (wingi so-), na ke- ya vilivyo nchi kavu (wingi pe-). Mzizi -kato ni mtumbwi, -fumo ni kubwa, -zila ni kupotea. “Kekato kefumo kezila” ni mtumbwi mkubwa umepotea ukiwa umepandishwa ufukweni, kwa hiyo msikilizaji anawaza wezi. “Lokato lofumo lozila” ni mtumbwi uleule umepotea ukiwa ziwani, na hapo watu wanaanza kuulizana nani alikuwemo. Hatukuongeza neno hata moja. Mtunzi anayepata athari ya namna hii kwa ngeli tatu hahitaji kumi na tano.

Wala si lazima ngeli zifanane na zetu. David J. Peterson, aliyeunda Kivaliria cha Juu kwa ajili ya tamthilia ya televisheni, alikipa ngeli nne zenye majina ya mwezi, jua, ardhi na bahari. Kiesperanto, alichokitoa L. L. Zamenhof mwaka 1887, hakina ngeli kabisa: nomino zote huishia na -o, na kivumishi hufuata wingi, si aina ya kitu. Upatanisho unaweza kuwepo bila ngeli. Ngeli bila upatanisho ni mapambo.

Panapowashinda wengi ni pale nomino za ngeli mbili zinapogawana kitenzi kimoja. Kiswahili kikikutana na kikombe na sahani husema vimevunjika. Lakini mvuvi na mtumbwi wake? “Wamepotea” inaupa mtumbwi roho, “vimepotea” inamfanya mvuvi kitu. Wasemaji wengi hukwepa: mvuvi amepotea pamoja na mtumbwi wake. Kitamo nacho kichague: ama ta- itawale kila penye mtu, ama sentensi ya namna hiyo ikataliwe kabisa. Mimi ningekataza, maana katazo huwalazimisha wahusika kuzungumza kwa namna yao.

Halafu kuna maneno ya kukopa. Kiswahili kilipokea kitabu kutoka Kiarabu, kikaiona ki- kama kiambishi chake na kutoa vitabu. Kipilefti nacho kikazaa vipilefti. Redio na betri zikaachwa zilivyo. Kwa hiyo simu ikiingia kwa watu wa Kitamo itakuwa kesimu, au itabaki simu tupu huku kitenzi chake kikibeba ke-? Amua hilo kabla ya kutunga neno la kumi, kwa sababu kila neno jipya litakuja na swali hilohilo.