Shairi huru si guni

Kila yanapotajwa mashairi ya Wamarekani wa leo, hakosekani mtu wa kusema kwamba hayo ni guni, na kwamba msomaji wa kawaida hawezi kuguswa na maneno yasiyo na vina wala mizani. Shairi huru ni lile ambalo mtunzi wake, tangu mwanzo, hakujifunga kwa urari wa vina wala hesabu ya mizani. Guni ni jambo jingine kabisa: mtunzi amekusudia kufuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, kisha akateleza, mizani ikapungua au kina kikaenda upande. Kosa la guni hupimwa kwa kanuni iliyokubaliwa na mtunzi mwenyewe, na kanuni hiyo haimhusu aliyetunga shairi huru.

Jina la shairi huru linafuata istilahi iliyoenea Ufaransa katika miaka ya 1880, ingawa Mmarekani Walt Whitman alikuwa amekwisha kutunga kwa namna hiyo mwaka 1855. Linalosahaulika zaidi ni neno shairi lenyewe, lililotoka katika Kiarabu. Wanazuoni wa Kiarabu walilifasili kuwa maneno yenye mizani na kina, hilo ni kweli, lakini mzizi wake ni kuhisi na kutambua, na hapo ndipo penye nguvu ya Wamarekani hawa.

Mshairi Ted Kooser wa jimbo la Nebraska, Marekani, alifanya kazi katika kampuni ya bima kwa miaka mingi, akiandika alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Alikuwa akimwonyesha katibu muhtasi wake rasimu, na palipokuwa hapaeleweki alipaandika upya. Mwaka 2004 aliteuliwa kuwa mshairi wa taifa, na mwaka uliofuata akaanzisha safu ya shairi fupi la kila wiki, ambayo magazeti yaliruhusiwa kuichapisha bila malipo. Wasomaji wa magazeti hayo hawakuhitaji kujua arudhi. Pasipokuwa na kina cha kuonyesha mwisho wa mshororo, mtunzi huukata pale anapotaka pumzi isimame, na pumzi hiyo ndiyo inayolipatia uzito neno la kila siku, kama vile kikombe au koti la marehemu baba.

Kwa hiyo asiyevutiwa na shairi la namna hii ana haki yake, ila badala ya kuliita guni, na atuonyeshe mshororo uliokatwa mahali pasipofaa.