Kukojoa damu si kubalehe

Keti kwenye baraza yoyote ya Ngamiani, hapa Tanga, jioni, itajwe habari ya mtoto wa kiume anayekojoa damu, hutakosa wa kusema, "Mwacheni, anakuwa mwanamume huyo." Kauli hii nimeisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Kwa vijana wa Muheza na Pangani ilikuwa karibu sifa, na mama aliyeingiwa na hofu aliambiwa anamdekeza mtoto.

Hakuna mvulana anayebalehe kwa kukojoa damu. Katika mkoa huu, damu inayotoka mkojo ukiwa unakwisha, yale matone mekundu ya mwisho, ugonjwa wa kwanza wa kuufikiria ni kichocho. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mayai hayo hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke, na hapo ndipo damu inapoonekana. Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai huanguliwa, vijidudu huingia kwenye konokono wadogo, huzaliana humo, kisha hutoka kumtafuta mtu. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu za kuoga au kufua.

Wengine husema mtoto kakipata kichocho kwa kuoga baharini, Raskazone. Bahari haina lawama hapa: konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi. Muulize mtoto kuhusu likizo aliyokwenda kwa bibi yake shamba, kuhusu bwawa, kijito na mifereji ya mpunga. Familia isiyo na maji mengine ila ya mto inaweza kuyachota na kuyaacha kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku mbili kabla ya kuogea. Vijidudu visipompata mtu hufa ndani ya muda huo.

Halafu kuna vidonge vya shuleni. "Vinaua kizazi," wanasema. Mwaka 2008 kule Morogoro uvumi juu ya vidonge hivi ulifika mahali wazazi wakavamia shule. Dawa yenyewe ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na shuleni mtoto husimamishwa kwenye ubao wenye alama za urefu ili ajulikane apewe vidonge vingapi. Inaweza kuleta maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu kwa saa chache, hasa kwa aliyemeza na njaa. Kwa hiyo siku hiyo mtoto ale ashibe kwanza. Linaloniuma ni kwamba kichocho kisichotibiwa ndicho kinachoweza kuharibu kizazi. Mayai hukwama kwenye mlango wa uzazi wa msichana na kuacha vidonda, na damu yake nyumbani hudhaniwa hedhi, au mtoto akashukiwa mambo mabaya. Kwa jinsia zote huumiza figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.

Kuvimeza mara moja hakumkingi mtoto maisha yake yote. Dawa haiui minyoo ambayo bado ni michanga, na akirudi mtoni ataambukizwa upya. Damu ikionekana tena baada ya wiki kadhaa, mrudisheni kituo cha afya. Na mkimpeleka kupima, mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaoonyesha mayai vizuri zaidi.

Si kila mkojo mwekundu ni kichocho, hata hivyo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, pamoja na uso uliovimba asubuhi, wiki chache baada ya vidonda vya ngozi au koo, ni dalili ya figo. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tuje kwa wachanga. Mtoto ana homa, hana mafua wala kikohozi, na kila anayepita anasema ni meno. Meno hayaleti homa kali. Pimeni malaria, lakini ikikosekana ombeni na mkojo upimwe, maana mtoto wa chini ya miaka miwili hawezi kusema kwamba mkojo unamuunguza. Yeye hukataa kunyonya, hutapika, hulialia. Akiwa hajatimiza miezi mitatu na joto limefika nyuzi 38, msingoje kuche.

UTI ya watoto, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huitwa ugonjwa wa vyoo vichafu, lakini mara nyingi bakteria hutoka kwenye kinyesi cha mtoto mwenyewe. Ndiyo maana binti huchambwa kutoka mbele kwenda nyuma, na ndiyo maana mtoto anayepata choo kigumu siku nenda rudi huugua mara kwa mara: kinyesi kilichojaa hukibana kibofu na mkojo haumaliziki. Madafu tunayo tele, na mtoto mkubwa kunywa dafu si vibaya, ila dafu haliui bakteria. Wala nusu dozi ya amoksilini iliyobaki kwa kaka yake haitoshi. Maambukizi yakipanda kwenye figo huacha kovu lisilofutika.

Kuhusu kukojoa kitandani, naomba fimbo ziwekwe chini. Chini ya miaka mitano ni kawaida, na baada ya hapo wengi huacha wenyewe. Mara nyingi mmoja wa wazazi alikuwa hivyo pia. Kuchezea moto hakuhusiki, na kumtembeza mtoto na godoro mbele za watu kunamvunja moyo bila kumponya. Wa kuhofia ni yule aliyekuwa ameacha miezi mingi kisha akaanza tena, huku ana kiu isiyokatika na anakonda. Hiyo inaweza kuwa kisukari, na apimwe sukari leo.

Mvulana ambaye tangu kuzaliwa mkojo wake hutoka kwa matone, haurukii mbali, apelekwe mapema, maana njia inaweza kuwa imezibwa na figo zinaumia kimyakimya. Na akilia ghafla kwa maumivu ya korodani, msimkande wala msisubiri: ikiwa imejisokota, inahitaji kuokolewa ndani ya saa sita hivi, hata kama ni saa nane usiku.