Bingwa na kompyuta: usawa huanza siku 30 kabla ya mchezo

Wanaocheza bao kwenye baraza za Mji Mkongwe wanajua kwamba mchezo hauanzi kwenye namua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete. Ukiwa umemtazama mwenzako akicheza mwaka mzima, naye hajakuona hata siku moja, umeshamtangulia. Kwenye sataranji baina ya bingwa na kompyuta shida hii ni kubwa zaidi, kwa sababu michezo ya bingwa imechapishwa na ya mashine imo kabatini. Klabu au skuli ya Unguja na Pemba inayotaka kuandaa pambano kama hilo iandike kwanza kanuni za matayarisho, bango lije baadaye.

New York, Mei 1997, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, alifungwa na Deep Blue, kompyuta ya IBM, kwa 3.5 dhidi ya 2.5. Walioiandaa mashine walikuwa na michezo yake ya miaka mingi. Yeye hakupewa michezo ya mazoezi ya mashine, na wao waliruhusiwa kuirekebisha baina ya mchezo na mchezo. Labda angefungwa tu, lakini ubishi uliofuata, kama pambano lilikuwa la haki, ulizaliwa na kanuni mbovu. Bahrain, 2002, bingwa Vladimir Kramnik alipewa mapema nakala ya Deep Fritz, programu ya sataranji, ajifunze nayo. Baada ya michezo minne aliongoza 3 kwa 1, na pambano likaisha sare, 4 kwa 4.

Kwa hiyo, siku 30 kabla, programu, kitabu chake cha ufunguzi (faili la hatua za mwanzo zilizoandaliwa) na faili la mipangilio viwekwe kwenye flashi mbili: moja ya bingwa, nyingine kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwamuzi. Kila faili lipigiwe hesabu ya SHA-256, alama ya faili inayobadilika faili likiguswa, ambayo hutoa herufi na tarakimu 64, na matokeo yaandikwe kwenye mkataba. Asubuhi ya mchezo hesabu irudiwe. Ikitofautiana hata herufi moja, watu wasikae mezani. Kosa linalotokea ni kupima programu peke yake na kusahau kitabu cha ufunguzi, na hapo ndipo mtego unapoweza kutegwa.

Nakala pekee haitoshi. Bingwa akifanya mazoezi kwenye laptopu dhaifu, kisha siku ya mchezo akakuta kompyuta yenye nguvu mara kumi, amejifunza mpinzani mwingine. Mkataba utaje aina ya prosesa, idadi ya nyuzi za hesabu (kazi ambazo prosesa inazifanya kwa wakati mmoja) na ukubwa wa kumbukumbu, kwa mfano nyuzi 4 na megabaiti 1,024. Nyuzi zikizidi moja, programu inaweza kuchagua hatua tofauti kwenye hali ileile ya ubao, maana nyuzi hazimalizi kazi kwa mpangilio mmoja kila mara. Hilo ni jema, linamzuia bingwa kukariri ushindi aliouandaa nyumbani. Mashine nayo ina haki yake hapo. Lakini uwezo wa programu kujifunza yenyewe baina ya michezo uzimwe, ibaki ileile aliyojifunza bingwa.

Intaneti ikatwe. Mwendeshaji wa mashine asogeze kete na kubonyeza saa, basi. Masharti ya mashine kukubali sare au kusalimu amri yaandikwe mapema, yasiachwe kwa hisia za mwendeshaji.

Umeme wetu unapita kwenye nyaya za chini ya bahari, hivyo betri ya akiba ni lazima. Ukikatika na mashine ikazimika, mwamuzi asimamishe saa zote mbili na bingwa abaki ukumbini bila simu. Mashine ipewe dakika 10 kuwaka; zikipita, saa yake ianze kwenda. Itakuwa imepoteza hesabu zilizokuwamo kwenye kumbukumbu, na upande wake usidai fidia.

Kila mchezo ukiisha, rekodi za hesabu za mashine, yaani hatua ilizozipima, zinakiliwe mbele ya pande zote mbili na kukabidhiwa mwamuzi kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Kasparov aliziomba mwaka ule wa 1997, na hakupewa wakati pambano likiendelea.